Neno la Mstari wa Tatu

Fundi Sosthenes Kalinga wa Kihesa, Iringa, amechonga majina ya wafu kwa miaka thelathini na moja, na kwa miaka yote hiyo amekuwa na sharti moja: hamuulizi mtu marehemu alikufaje. Ukimpelekea karatasi yako anaisoma mara mbili kwa sauti, anakutaka uisome na wewe, mnakubaliana, basi. Kilichoandikwa ndicho kitakachochongwa. Sharti hilo alilipata kwa kuumia. Enzi za ujana wake alimchongea mzee mmoja wa Ipogolo tarehe ya kufa iliyotangulia tarehe ya kuzaliwa. Wajane wawili wa mzee huyo, ambao hawakuwahi kukubaliana jambo lolote mume wao akiwa hai, walikubaliana siku hiyo kumfukuza fundi kwa mchi.

Banda lake liko kando ya barabara, bati juu, mbele wazi. Vumbi la mawe limeota kwenye nyusi zake na halitoki hata Jumapili. Mkewe, Bupe, humwambia kwamba siku akifa hakutakuwa na haja ya kumchonga sanamu, watamsimamisha tu.

Bupe ni Mnyakyusa. Sosthenes alimpata Ilomba, Mbeya, alikokwenda kutafuta kazi baada ya kufundishwa kuchonga na bruda mmoja mzee wa Kiitaliano pale Tosamaganga. Huko Ilomba aliingia kwenye kikundi cha mafundi wa sakafu za teraso, na siku ya kwanza tu, walipojua kwamba ni Mhehe, wakambatiza jina: Kamba. Utani huo nchi nzima inaujua. Mhehe akikasirika, wanasema, hagombani na mtu, anatafuta kamba na mti.

"Kamba, leo chai haina sukari," walimwambia. "Tukufichie mkanda?"

"Fichieni na kamba za viatu," alijibu, nao walicheka, naye akacheka. Alicheka miaka sita. Alikuwa mgeni na alihitaji kazi.

Aliporudi Iringa na mke, jina lilirudi naye. Bupe alikuwa akimwita hivyo kwa mapenzi, na siku moja alimwita hivyo mbele ya shangazi yake Sosthenes, Rozalia Kalinga, dada wa baba yake, aliyekuwa amekuja kumwona bibi harusi.

"Nani kakupa jina hilo?" Rozalia aliuliza.

"Wenzangu wa Mbeya, shangazi. Ni utani tu."

"Kaa chini, baba." Alimwita baba kwa sababu alibeba jina la ukoo. "Kaa, nikwambie kamba ilikuwa ya nani."

Hapo ndipo Sosthenes alipoisikia habari ambayo watoto wa ukoo wao walikuwa hawaambiwi mpaka waoe au waolewe. Kalinga, ambaye jina lake wote walikuwa wakilibeba, alikuwa babu yake Rozalia. Aliishi Kilindimo, kijiji kilicho mbele ya Tosamaganga, wakati Wajerumani walipokuwa wakimsaka Mkwawa porini. Askari walifika asubuhi ya mavuno wakasema kijiji kimewapa chakula watu wa mtwa, yaani chifu huyo. Wakachagua wanaume kumi na wanne. Mti ulikuwa mmoja, na kamba nayo ilikuwa moja, kwa hiyo walisubiriana. Kalinga alikuwa wa tisa. Mkewe alilazimishwa kutazama akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto yule ndiye aliyekuja kumzaa Rozalia. Miili ilitupwa shimoni na hakuna aliyeruhusiwa kuizika.

"Kamba walituvika wao," Rozalia alisema, "na leo nchi inacheka kwamba tunaipenda wenyewe."

Tangu siku ile Bupe hakumwita tena mumewe jina lile.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililomkaa Rozalia rohoni maisha yake yote. Katika ukoo wa Kalinga, shangazi mkubwa ndiye anayewaita wafu siku ya tambiko. Hushika kibuyu cha unga wa ulezi, akataja jina, kisha akataja kifo: wewe uliyekufa kwa homa, wewe uliyechukuliwa na mto, wewe uliyekufia uzazini. Asiyetajwa kifo chake hakuitwa. Na aliyeuawa kwa mkono wa mtu ana nyongeza yake. Shangazi akishataja kifo hicho hunyamaza, na mtu wa upande wa muuaji, hata awe kitukuu, hujibu neno moja: "Ndivyo." Hapigi magoti wala haleti ng'ombe. Anajibu tu, unga unamwagwa, marehemu anapumzika. Rozalia mwenyewe aliwahi kumwita hivyo binamu yake aliyepigwa rungu kwenye kilabu cha ulanzi. Mtoto wa mpigaji alisimama palepale, akajibu, kisha wote wakala pamoja.

Kalinga na wenzake hawakuwahi kuitwa. Hapakuwa na kaburi la kusimama, wala mtu wa kujibu. Shangazi mmoja baada ya mwingine alikirithi kibuyu na kuliacha jambo hilo kwa anayefuata. Rozalia alikuwa wa nne. Alikuwa na miaka themanini na saba na mtoto wa jicho katika macho yote mawili aliposema hatamwachia mtu.

Basi mwaka 2018 ikaja habari iliyomfanya acheke peke yake jikoni. Jumuiya moja ya urafiki kutoka mji fulani wa Ujerumani, mji ambako mmoja wa maofisa wa vita ile alizaliwa, ilitaka kuweka jiwe la kumbukumbu Kilindimo. Pamoja na jiwe wangeleta mradi wa maji ya bomba. Mratibu wao, Bwana Henning, alikuwa kijana mrefu mwenye Kiswahili kizuri, anayekula ugali kwa mkono na kusalimia "Kamwene" kabla hujamwona. Kijiji kiliunda kamati chini ya Mwalimu Anord, mkuu wa shule mstaafu, na kamati ikampa Sosthenes kazi ya kuchonga.

Maneno yaliandikwa na wanakijiji wenyewe. Bwana Henning aliyasoma, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema ni maneno mazito na ya kweli. Akaomba nakala ayatume kwao. "Wewe anza tu, Fundi," alisema.

Fundi akaanza. Alichagua jiwe jeusi kutoka Mbeya, la urefu wa mtu, lisilo na mshipa hata mmoja. Rozalia alihamia Kihesa kwa ajili ya kazi hiyo. Kila asubuhi Bupe alimwongoza hadi bandani, akamkalisha kwenye kigoda, na bibi yule akasikiliza patasi ikila jiwe. Hakuwa amekwenda shule na hakuona kitu, lakini mstari ulipokamilika alisogea akaupapasa.

"Nisomee hapa nilipo."

"*Mahali hapa*," Sosthenes alisoma.

"Na hapa?"

"*Mwezi wa mavuno, mwaka 1897*."

Mstari wa tatu ulikuwa mrefu kuliko yote, na Sosthenes aliuchimba kina cha nusu ya ukucha zaidi ya mingine. Hakuambiwa na mtu. Rozalia alipoufikia, vidole vyake vilizama.

"*Walinyongwa na jeshi la Wajerumani*," Sosthenes alisoma.

"Lipi hasa ndilo lenyewe?"

Alimshika mkono akampitisha juu ya herufi zote za neno la kwanza. Rozalia alilirudia neno lile kwa vidole kila siku, mpaka akawa analiendea moja kwa moja kama mtu anayeendea kitasa cha mlango wake.

"Hawa wenyewe ndio wanaolileta jiwe?" aliuliza mara nyingi.

"Ndio wenyewe, shangazi."

"Basi wakiwa wamelileta na neno lake, hilo ndilo jibu lao. Wakisimama hapo mbele yangu nitamwita, nao watasema ndivyo. Watakataaje neno walilolipeleka wao?"

Mstari wa nne ulisema: *Watu kumi na wanne wa Kilindimo*. Chini yake Sosthenes aliacha nafasi ya kiganja kwa ajili ya nakshi, kisha yakafuata majina kumi na moja yanayokumbukwa na alama tatu za wasiokumbukwa.

Barua pepe ya kwanza ilifika jiwe likiwa limekamilika. Bwana Henning alikuja nayo bandani, simu mkononi, jasho usoni. Kwao walipendekeza maneno "jeshi la Wajerumani" yawe "jeshi la kikoloni". Wiki iliyofuata ikaja ya pili, nayo ilikuwa imepitia kwa wanasheria. Mstari wa tatu wote uondoke. Badala yake iandikwe kwamba watu hao walipoteza maisha katika kipindi cha vita.

Sosthenes aliisoma mara mbili kwa sauti, kama desturi yake. Safari hii hakumtaka mtu asome baada yake.

"Walipoteza," alisema. "Kama mtu anavyopoteza funguo?"

"Fundi, nakuelewa. Mimi binafsi naumia sana."

"Wewe binafsi hukumnyonga mtu, Bwana Henning. Sihitaji uumie."

"Tatizo ni kwamba neno lile likiandikwa na sisi, linakuwa kama kukiri. Na kukiri kunafungua mlango wa madai. Wanasheria wanaogopa mlango huo. Lakini wote wanasikitika, naomba uniamini. Kwenye hotuba watasema wanasikitika."

"Shangazi yangu hajaomba wasikitike. Hajaomba hata shilingi. Anataka mtu aseme ndivyo."

Bwana Henning alitazama viatu vyake. Ilikuwa dhahiri kwamba hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimchosha Sosthenes kuliko kama angekuwa mbaya.

Aliyemmaliza hakuwa mgeni. Mwalimu Anord alikuja siku ya pili na wajumbe wawili wa kamati, akaketi kwenye jiwe la kaburi la mtu ambalo halijakamilika, na hata hakujua.

"Sosthenes, mabomba yamefika bandarini," alisema. "Kilindimo wanawake wanateka maji kwenye dimbwi wanalonywea ng'ombe. Unataka mabomba yarudi kwa sababu ya neno moja?"

"Wamesema yatarudi?"

"Hawajasema. Wastaarabu hawasemi. Lakini mimi nimefundisha miaka arobaini, najua mtu anapokunja daftari."

"Mwalimu, na wewe babu yako yumo kwenye orodha. Wa nne kutoka juu."

"Yumo," Anord alisema, akanyanyuka, akajipangusa vumbi. "Na wajukuu zangu wanaharisha. Wote ni wa kwangu. Ziba hilo neno."

Kamati ilikuwa imeagiza kopo la gundi ya mawe kwa Gulam, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na Kitanzini. Mtaa ule jina lake lilitokana na kitanzi, na watu wa Iringa hulitamka kila siku wanapouliza bei ya nyanya. Gulam na Sosthenes walikuwa wametaniana kaunta ileile tangu vichwa vyao vina nywele nyeusi.

"Fundi wa Mungu! Gundi yako hii hapa. Hii ukiziba, hata malaika wa ufufuo wataleta grinda."

"Nipe chokaa."

"Chokaa ya nini? Herufi zako shimo refu, chokaa haitashika. Mvua ya mwaka huu itaipasua, ya mwaka kesho itaimwaga yote."

"Nipe chokaa, Gulam. Na ile gundi weka, nitasema nimetumia."

Gulam aliiweka gundi kando. Aliijua habari ya jiwe. Mji mzima uliijua. Akapima chokaa bila utani, akafunga mfuko, lakini hakuuachia.

"Babu wa baba yangu alifungua duka hapa bendera ya Wajerumani ikipepea bomani," alisema kwa sauti ya chini. "Aliuza nguo, chumvi, misumari. Aliuza na kamba. Boma lilikuwa mteja wake mkubwa. Nyumbani kwetu hili huwa hatulisemi."

"Kwa nini unaniambia?"

"Sijui kama ile ya Kilindimo ilitoka kwake. Lakini siku hizo maduka yalikuwa machache." Akauachia mfuko. "Samahani, Fundi. Kwa niaba yake. Hata kama haikuwa yake."

Sosthenes alilipa akatoka. Alitembea hadi Kihesa na mfuko begani, na njiani akagundua kwamba alikuwa amekwisha kumjibu Gulam, peke yake, kwa sauti: haya, yameisha.

Alichanganya chokaa, vumbi la lile lile jiwe jeusi, masizi, na uji mwembamba wa muhogo. Mchanganyiko huo unaziba vizuri machoni lakini hauna mizizi. Aliukandika ndani ya mstari wa tatu herufi kwa herufi, akaulainisha. Kisha katika ile nafasi ya nakshi akachonga maneno mapya. Alipomaliza, jiwe lilisomeka bila kikwazo: mahali hapa, mwezi wa mavuno, mwaka 1897, watu kumi na wanne wa Kilindimo walipoteza maisha katika kipindi cha vita. Pale katikati palibaki uwazi mweusi, laini, kama nafasi ya jino lililong'olewa.

Alimwambia Rozalia ukweli wote. "Subiri mvua mbili, shangazi. Neno litatoka lenyewe, na jiwe litakuwa limeshasimama. Hakuna atakayelaumiwa."

"Mvua mbili?" Rozalia alisema. "Unadhani mimi ni mlima?"

"Hiyo ndiyo njia niliyoiona."

"Njia yako nzuri, baba. Ila hainipitishi mimi." Akasaga gego. "Nitakwenda hivyo hivyo. Neno wanaweza kulifukia. Masikio yao hawajayafukia."

Siku ya uzinduzi Kilindimo ilipambwa. Kulikuwa na turubai, kwaya mbili, ya Kikatoliki na ya Kilutheri, na bomba jipya lenye utepe hatua ishirini tu kutoka kwenye jiwe. Ujumbe ulikuwa wa watu saba. Mkuu wao, mzee mwenye mvi na sauti ya upole, alisoma hotuba, na Bwana Henning akaitafsiri. Alisema wanasikitika. Alisema yaliyotokea yalikuwa sura ya giza. Alisema tutazame mbele pamoja. Kitambaa cheupe kilivutwa, makofi yakapigwa, maua yakawekwa.

Ndipo Mwalimu Anord akatangaza kwamba shangazi mkubwa wa ukoo wa Kalinga ataombea marehemu kimila, kwa dakika tatu.

Faustina, dada mkubwa wa Sosthenes, alimwongoza Rozalia hadi mbele. Bibi alikabidhi kibuyu kwa Faustina, akanyoosha mikono yote miwili. Vidole vilishuka mstari wa kwanza, wa pili, vikafika wa tatu. Alijua kwamba hapatakuwa na kitu, aliambiwa. Hata hivyo vidole vilikwenda na kurudi, vikaenda na kurudi, juu ya ule ulaini. Sosthenes, aliyesimama nyuma ya kwaya, aliangalia pembeni.

Rozalia alichukua kibuyu chake, akawageukia wageni. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini watu walikuwa wamenyamaza.

"Kalinga," aliita. "Kalinga, wewe uliyenyongwa na Wajerumani."

Akanyamaza, akasubiri.

Watu wote wa Kilindimo waliokuwa na umri wa kujua walijua anasubiri nini. Bwana Henning naye alijua. Sosthenes alikuwa amemwambia. Mzee mwenye mvi aliinama kumuuliza kitu, Henning akamnong'oneza, mzee akafikiri. Kisha akafanya jambo ambalo bila shaka kwao ni la heshima kubwa. Alivua kofia, akainamisha kichwa, na wenzake wote sita wakainamisha vyao. Wakasimama hivyo kimya, dakika nzima, huku wapiga picha wao wakiinama huku na kule.

Rozalia hakuona vichwa vilivyoinama. Alisikia kimya tu.

"Wapo?" alimuuliza Faustina.

"Wapo, shangazi."

"Hawajaondoka?"

"Wamesimama hapa mbele yako."

Bibi alikuwa tayari ameshika unga kiganjani. Akaurudisha ndani ya kibuyu, taratibu, akipangusa kiganja kwenye mdomo wa kibuyu ili isibaki hata chembe. Mwalimu Anord akapunga mkono, kwaya ikaanza kuimba, na utepe wa bomba ukakatwa. Maji yakatoka. Wanawake walipiga vigelegele vya kweli kabisa, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu.

Rozalia alifariki Januari iliyofuata, katikati ya mvua ya kwanza, kwa nimonia. Kibuyu kilikwenda kwa Faustina.

Mvua ile ilipokwisha, Sosthenes alikwenda Kilindimo kutazama jiwe. Mstari wa tatu ulikuwa vilevile. Alijipa moyo: bado moja. Mvua ya pili ilikuwa kubwa, ilibomoa madaraja. Alikwenda tena, akapiga goti, akapitisha kidole. Laini. Hata ufa haukuwapo. Alikaa pale akikumbuka kazi yake hatua kwa hatua, chokaa, masizi, uji, kukandika, kulainisha, mpaka akafika kwenye hatua ambayo hakuwa ameikumbuka kwa sababu hakuwa ameifanya kwa kufikiri. Asubuhi ya kupakia jiwe kwenye lori alikuwa amelipaka lote ile dawa inayoziba vinyweleo vya jiwe, mara tatu, akalisugua kwa nta hadi likang'aa. Kila jiwe linalotoka bandani kwake hutoka hivyo. Bruda wa Tosamaganga alimfundisha hivyo, na kwa miaka thelathini na moja mikono yake haikuwahi kulisahau hilo. Maji hayakuwa yameigusa chokaa hata tone moja. Kile alichokiziba ili kifunguke, alikuwa amekilinda kwa ustadi wake wote.

Alicheka, na kicheko hicho mwenyewe hakukipenda.

Wiki iliyofuata alirudi na patasi mfukoni. Alikuta kamati imezungushia jiwe uzio wa chuma wenye kufuli, na ufunguo uko kwa Mwalimu Anord. Wanawake wawili waliokuwa wakikinga maji bombani walimwona akiwa ameshika nondo za uzio.

"Fundi, kamwene. Unatafuta nini humo?"

"Naangalia kazi yangu."

"Kazi nzuri," alisema mmoja wao, mama mwenye mtoto mgongoni. Kisha, kwa upole, akiwa ameona mpini wa patasi: "Fundi, tafadhali. Usituharibie maji."

Aliondoka.

Jambo lililobaki mikononi mwake lilikuwa kaburi la Rozalia, na hapo hapakuwa na kamati. Mwaka ulikuwa umeshapita tangu afe, akamchongea kutoka kipande kilichobaki cha lile jiwe jeusi. Aliandika: *Rozalia Kalinga, 1931–2019. Mjukuu wa Kalinga, aliyenyongwa na Wajerumani.* Kwa mara ya kwanza maishani hakumsomea mtu karatasi wala hakusubiri makubaliano. Alichimba herufi kina kirefu, na hakuzipaka kitu.

Siku ya kuliweka, ukoo ulikusanyika kwenye makaburi ya familia Kilindimo. Faustina alikuja na kibuyu, ulezi mpya umesagwa asubuhi ile. Walikuwa wanamaliza kumimina zege pembezoni walipoona gari la Jumuiya likipita kwenda kukagua bomba. Likasimama. Bwana Henning akashuka, nywele zimepungua kidogo, akaja moja kwa moja, akasalimia wote, akatoa pole kwa maneno yote yanayostahili. Kisha akaliona jiwe. Akalisoma kimya, midomo ikitikisika.

Watu waliacha kazi, koleo mikononi.

"Ni jiwe zuri sana, Fundi," alisema mwishowe. Akafikiri kidogo, akaongeza, na ilionekana kweli alidhani anawapa kitu: "Hili ni jiwe la familia. Sisi hatuna tatizo nalo."

"Hamna tatizo nalo," Sosthenes alirudia.

"Hapana. Kabisa."

"Basi lisome kwa sauti."

Bwana Henning alisoma. Alisoma vizuri, bila kukwama, kila silabi mahali pake, hadi neno la mwisho. Faustina alikuwa amekwisha kusogea mbele. Hakungoja kuambiwa na mtu. Alizamisha kiganja ndani ya kibuyu, akaita:

"Kalinga, wewe uliyenyongwa na Wajerumani."

Akanyamaza.

Ilikuwa mchana mweupe. Hapakuwa na hotuba, wala wapiga picha, wala mzee mwenye mvi. Maji yalisikika yakijaa ndoo ya mtu kule bombani.

"Neno moja tu, Bwana Henning," Sosthenes alisema. "Unalijua. Halitaandikwa popote."

Kijana yule alifungua mdomo. Sosthenes aliapa baadaye kwa Bupe kwamba aliliona neno likifika kwenye meno. Kisha mtu yule akageuka kulitazama gari lake, nembo ya Jumuiya mlangoni, dereva aliyekuwa ameshusha kioo akisikiliza.

"Fundi," alisema kwa sauti ya mtu anayeumwa, "sina mamlaka."

Akaomba radhi kwa kuchelewa kwenye ukaguzi, akawapa wote mkono, mmoja mmoja, hata watoto, akaenda.

Faustina alibaki amefumba kiganja. Unga ulikuwa umeanza kumponyoka katikati ya vidole, na Sosthenes aliinama haraka akakinga kwa kofia yake ule uliokuwa unadondoka, usiguse ardhi. Wakaurudisha wote kibuyuni. Faustina akakiziba kwa kifuniko chake cha gunzi, akakikaza.

"Nina miaka sitini na tatu," alisema. "Binti yako mkubwa umemwambia?"

"Bado hajaolewa."

"Mwambie hivyo hivyo," Faustina alisema. "Mwambie leo."